Kadi ya mtandao ya matundu manne: ikishawaka ni tamu, ila ilinigomeshea seva siku sita kwa tamaa ya intarapti

Wakuu, nimekaa na hii kadi miezi mitano sasa kwa hiyo nadhani naweza kuiongelea bila papara. Ni kadi ya mtandao ya seva, matundu manne, kila tundu gigabiti 10, na mi niliweka mbili kwenye mashine moja, yaani matundu nane jumla. Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka asihangaike: ikishawaka ni kadi tamu sana, haijanidondoshea laini hata siku moja, ila vile inavotoka kiwandani ina tamaa ya intarapti (zile ishara ambazo kadi inaitia prosesa) kupita kiasi, na hiyo tamaa ndo iligomesha seva yangu kuwaka siku sita mfululizo, afu kwenye kitabu chake hakuna hata mstari mmoja unaokuonya. Jina la kampuni siliweki, maana tabia hii ipo kwenye kadi nyingi za daraja hili na nataka mtu asome kwa ajili ya tatizo lenyewe.

Ilivokuwa ni hivi. Kadi ya kwanza nilichomeka, seva ikawaka vizuri, nikafurahi, wiki ikapita. Nikaongeza ya pili. Nikawasha, bayosi ikapita poa, menyu ya kuchagua mfumo ikaja, kerneli (moyo wa mfumo wa Linux) ikaanza kutiririsha maandishi, afu ikasimama inasubiri diski ya mfumo. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu, mwisho ikanitupa kwenye sheli ya dharura inasema diski haionekani. Nikazima nikawasha tena, ikawaka! Nikasema labda waya haukukaa sawa. Kesho yake nikairestati kwa ajili ya apdeti, ikagoma mara tatu, ya nne ikakubali. Sasa kitu kinachogoma leo na kukubali kesho bila wewe kugusa chochote ndo kitu kibaya kuliko vyote, bora kifacho moja kwa moja, kwa sababu kila unachojaribu kinaonekana kama kimesaidia kumbe ni bahati tu.

Nilishuku kila kitu jamani. Pawasaplai kwanza, nikaona kadi mbili zinavuta umeme mwingi, nikabadilisha. Nikashuku ramu, nikapima usiku kucha, safi. Nikashuku kadi ya pili mbovu, nikaitoa ya kwanza nikaacha ya pili peke yake, ikawaka kila mara bila shida, nikabadilishana sloti, bado moja moja zinawaka, mbili pamoja zinagoma. Nikashuku kontrola ya diski, na hapo ndo nilipoteza siku mbili nzima, kwa sababu kwenye sheli ya dharura nilipoandika dmesg, amri ya kusoma kumbukumbu za kerneli, nikakuta draiva ya kontrola imeshindwa na kosa namba -28. Ukilitafsiri hilo kosa kwenye Linux maana yake ya kawaida ni kwamba nafasi imeisha kwenye kifaa. Yeyote akisoma hivo atawaza diski imejaa, na mi ndo nilichowaza, nikaanza kufuta mafaili ya zamani kutoka kwenye mfumo wa kuokolea. Diski ilikuwa na nafasi kibao. Nafasi iliyoisha haikuwa ya diski, ilikuwa ya vekta za intarapti ndani ya prosesa.

Kwa asiyefahamu, intarapti ni hodi. Kadi ikipokea pakiti, yaani kifurushi cha data, haikai kimya kusubiri prosesa ije kuchungulia, inapiga hodi, prosesa inaacha ilichokuwa inafanya inakuja kuchukua. Ili prosesa ijue nani kapiga, kila hodi ina namba yake, na hiyo namba ndo vekta. Zamani hizi hodi zilikuwa chache kweli kweli, kompyuta ya IBM PC ya 1981 ilikuwa na laini 8 tu, IBM PC AT ya 1984 ikaongezewa chipu ya pili laini zikafika 15 za kutumika, na watu wa enzi hizo walikuwa wanahamisha vijampa kwa mkono ili kadi ya sauti isigombane na kadi ya mtandao. Ikaja PCI na laini zake nne ambazo vifaa vinachangia, afu ikaja MSI ambayo kifaa hakihitaji tena waya wa hodi, kinaandika tu ujumbe kwenye anwani fulani ya kumbukumbu na prosesa inaelewa. MSI inampa kifaa mpaka hodi 32, na ndugu yake MSI-X inafika mpaka 2048 kwa kifaa kimoja. Hapo watu wakaona shida imeisha milele.

Haijaisha, imehamia upande wa pili tu. Kifaa kinaweza kuomba 2048 lakini prosesa ya x86 yenyewe ina jedwali la vekta 256 basi, na 32 za kwanza ni za makosa ya prosesa yenyewe, nyingine kerneli inazishikilia kwa kazi zake kama saa na viini kuitana, kwa hiyo za vifaa zinabaki kama 200 hivi. Na kwenye kerneli za zamani, mashine yenye prosesa za kuhesabika nane au pungufu ilikuwa kila vekta inayotolewa inahesabika imechukuliwa kwenye zote nane kwa pamoja. Yaani ile 200 ni ya mashine nzima, sio ya kila moja. Seva yangu ina viini vinne nyuzi nane, kila uzi kerneli inauhesabu kama prosesa moja, na ilikuwa inatembelea kerneli 4.9. Unaona tunapoelekea.

Sasa hesabu. Draiva ya hii kadi kwa chaguo lake la kiwandani inafungua foleni 16 za pakiti kwa kila tundu bila kujali una viini vingapi, kila foleni na hodi yake, plas moja ya kuangalia kama laini imeunganishwa, jumla 17. Matundu manne ni 68. Juu yake mi nilikuwa nimewasha vile vikadi pepe vya SR-IOV (kadi moja inajigawa iwe kama nyingi) kwa ajili ya mashine pepe, zile kompyuta za kisoftwea ndani ya seva, vinne kwa kila tundu, na kila kimoja kinabeba hodi 3, kwa hiyo 48 zaidi. Kadi moja 116. Kadi mbili 232. Sanduku lina kama 200 na hapo bado hujampa kontrola ya diski, USB, wala kitu kingine chochote!

Na kwa nini siku nyingine inawaka? Kwa sababu draiva hazipakiwi kwa mstari, zinapakiwa kwa pamoja, ni mbio. Siku kontrola ya diski ikitangulia inapata hodi zake, mfumo unawaka, na kadi za mtandao zinagawana kilichobaki. Siku kadi zikitangulia zinakomba zote, na kontrola ikija inakuta sahani tupu. Hata ile njia ya kizamani ya laini ya kuchangia nayo inahitaji vekta, kwa hiyo haina pa kukimbilia. Nilipoelewa hili nikakumbuka kitu ambacho nilikiona nikakipuuza: zile siku ilizowaka, vikadi pepe kadhaa vilikuwa havipo. Nilikuwa navihesabu 28 badala ya 32 nikasema nitaangalia baadaye. Dalili ilikuwa mezani kwangu muda wote. Kwa hiyo ukiona seva imewaka lakini kiolesura cha mtandao kimepungua, au kadi inafanya kazi kwa foleni moja wakati ina uwezo wa nyingi, usifurahi kwamba imewaka, kaa chini uhesabu.

Jinsi ya kutambua mapema, angalia kwanza imegoma hatua gani. Ikikwama kwenye nembo ya bayosi kabla hata ya menyu, hilo sio tatizo la vekta, kerneli bado haijaingia kazini, hapo tafuta kwenye ile romu ya kubutia kwa mtandao ambayo kila kadi inakuja nayo, izime kwenye bayosi kwa matundu usiyobutia, au anwani za kumbukumbu za PCI zimebanana. Ikikwama baada ya kerneli kuanza, toa quiet na splash kwenye laini ya amri ya kerneli, weka ignore_loglevel, na kama una kebo ya siriali weka console=ttyS0,115200 ili maandishi yote yaingie kwenye mashine nyingine uyasome kwa nafasi, maana kupiga picha skrini inayokimbia ni mateso. Tafuta -28 kwenye mistari ya draiva yoyote ile. Kama ni Windows utakuta kwenye orodha ya vifaa kosa la Code 12, kwamba kifaa hakijapata rasilimali za kutosha, ni ukoo huo huo.

Kuingia ndani ya mashine iliyogoma ni rahisi ukishajua: kwenye menyu ya kubuti hariri laini ya kerneli uongeze modprobe.blacklist= ikifuatiwa na jina la draiva ya kadi, au rd.driver.blacklist= kama initramfs yako (kile kifurushi kidogo cha kuanzia ambacho kerneli inakitumia kabla diski haijapatikana) imetengenezwa na programu ya dracut. Ile yangu iliwaka mara ya kwanza, na nikairestati mara kumi kwa makusudi, mara zote kumi ikakubali. Hapo nilipumua kwa mara ya kwanza wiki ile.

Wengi watakushauri uweke pci=nomsi. Mi nasema itumie kama funguo ya dharura tu, ingia, rekebisha, itoe. Ukiiacha, vifaa vyote vinarudi kwenye laini za kuchangia, vikadi pepe vya SR-IOV havifanyi kazi kabisa kwa sababu havina hiyo laini, na unajitengenezea tatizo jipya ambalo mi lilinipata usiku wa tatu: kadi ya mtandao na kontrola ya USB zilijikuta laini moja, hodi zikawa zinapigwa hakuna anayekiri ni zake, kerneli ikaandika "irq 16: nobody cared" na kuizima laini nzima. Sheria yake ni kwamba kati ya hodi 100,000, zikikosa mwenyewe 99,900, laini inafungwa, na kila aliyekuwa kwenye laini hiyo anakuwa kiziwi. Kibodi yangu ya USB ikafa pale pale. Ingekuwa ni diski ningesema nimerudi mwanzo.

Dawa ya kudumu niliifanya kwa vipande. Cha kwanza, draiva ya mtandao nikaitoa kwenye initramfs kabisa, kwenye dracut ni ule mstari wa omit_drivers, afu ukajenga upya. Seva yangu haibuti kwa mtandao, kwa hiyo hakuna sababu yoyote ya draiva hiyo kuwepo kabla diski haijapatikana. Hii peke yake ilimaliza kugoma, kwa sababu sasa diski inatangulia daima. Ila kumaliza kugoma sio kumaliza tatizo, vekta bado zilikuwa zinaisha, tofauti ni kwamba sasa aliyekosa ni kikadi pepe na sio diski.

Cha pili ni foleni, na hapa sikilizeni vizuri kwa sababu ushauri unaozunguka kila sehemu ni ethtool -L, jina la kiolesura, afu combined 4, yaani punguza foleni ziwe nne. Ni amri nzuri, naitumia, lakini inafanya kazi baada ya draiva kuwa imeshapakiwa, na draiva nyingine huwa zimeshakamata hodi zote pale zinapoamka, ukipunguza foleni baadaye hodi hazirudishwi. Hii ya kwangu ni mojawapo. Jinsi ya kuhakikisha ni kuhesabu kilichomo ndani ya folda ya msi_irqs ya kadi, ipo chini ya /sys/bus/pci/devices na anwani ya kadi yako, kila faili pale ni hodi moja iliyokamatwa. Nilipiga ethtool, nikahesabu, bado 17. Na msidanganyike na ile Count ya lspci -vv, ile inasema kadi ina uwezo wa hodi ngapi, sio imechukua ngapi. Nilichofanya ni kupunguza kwa parameta ya draiva yenyewe kwenye modprobe.d, folda ya mipangilio ya draiva, foleni nne kwa tundu, na kuhesabu tena: 5 kwa tundu, matundu nane 40. Kutoka 136 mpaka 40.

Na utendaji? Nilipima tundu moja na foleni nne, TCP ya kawaida, nikapata gigabiti 9.4 kwa sekunde, ambayo kwa pakiti za baiti 1500 ndo ukomo wa laini yenyewe, hapo hakuna cha kuongeza. Nilipima na 16 pia, namba ile ile. Kwenye mashine ya nyuzi nane, foleni 16 maana yake ni foleni mbili zinapiga hodi kwenye uzi mmoja, unalipa hodi zaidi kwa kazi ile ile. Kwa nini kiwanda kiweke hivo bila draiva kuuliza kwanza una prosesa ngapi, hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu draiva nyingi nzuri zinauliza.

Cha tatu, vikadi pepe. Kosa langu kubwa lilikuwa kuviwasha kwa ile parameta ya zamani ya max_vfs, ambayo inavizaa pale pale draiva inapopakiwa, na seva mwenyeji inavikamata vyote kwa draiva yake hata kama vimekusudiwa mashine pepe. Yaani hodi 96 zilikuwa zimeshikwa na mwenyeji ambaye hana kazi nazo. Sasa navizaa baadaye kupitia sriov_numvfs mfumo ukiwa umeshatulia, na kabla ya hapo naandika 0 kwenye sriov_drivers_autoprobe, ili mwenyeji asiviguse mpaka mashine pepe itakapovihitaji. Hii inataka kerneli mpya kuliko niliyokuwa nayo, na ndo ikanifikisha cha nne.

Cha nne ni kupandisha kerneli, na kama mnaweza kufanya kimoja tu, fanyeni hiki. Linux 4.15 iliyotoka Januari 2018 ilikuja na ugawaji wa vekta ulioandikwa upya na Thomas Gleixner, kila prosesa sasa inahesabiwa vekta zake yenyewe, na hodi inapewa vekta pale inapowashwa kweli, sio pale inapoombwa. Kwa mashine yangu ni kutoka kama 200 za kugawana mpaka kama 200 kwa kila uzi, mara nane. Nilijaribu kurudisha mipangilio yangu ya mwanzo kwenye kerneli mpya makusudi, 232 zile zile, ikawaka bila kulalamika. Na kerneli mpya ikiwa imejengwa na debugfs ya intarapti (mafaili ya kuchungulia ndani ya kerneli), kuna faili la VECTOR chini ya /sys/kernel/debug/irq/domains linakuonesha kila prosesa imebakiza ngapi. Ningekuwa nalo siku ile ya kwanza ningelala mapema.

Ila hata kerneli mpya ina kona moja ambayo nawaomba msiisahau, nayo ni kdump. Ile kerneli ya uokoaji inayoamka mfumo ukianguka kawaida inawaka na nr_cpus=1, prosesa moja tu, kwa hiyo umerudi kwenye sanduku moja la kama 200, na draiva isiyouliza idadi ya prosesa inaomba kile kile ilichozoea. Nilijaribu kabla sijapunguza foleni na max_vfs ikiwa bado ipo, nikauangusha mfumo kwa mkono, kerneli ya uokoaji ikashindwa kuona diski, hakuna kilichoandikwa. Fikiria hilo linatokea siku seva imeanguka kweli na unahitaji ushahidi. Kama unadampu kwenye diski ya ndani, toa draiva ya mtandao kwenye initramfs ya kdump, haina kazi pale.

Wa FreeBSD (mfumo mwingine, sio Linux), funguo ya dharura kwenu ni hw.pci.enable_msix=0 kwenye loda, maelezo ni yale yale, ingieni mrekebishe afu muitoe.

Kadi yenyewe kama chuma sina neno baya. Kipozajoto chake ni kizito na kimebana vizuri, inapata joto inavotakiwa kwa hiyo usiiweke kwenye kesi isiyo na feni ya mbele, taa za matundu zinasomeka, transiva za kampuni nyingine imezikubali bila ugomvi. Kuapdeti fimwea kulichukua dakika chache. Lakini kitabu kina kurasa kibao za jinsi ya kufunga skrubu na hakuna neno moja kuhusu hodi 68 ambazo kadi itazikamata ikiamka, na nilipowaandikia wahudumu wao nikajibiwa nibadilishe pawasaplai.

Naipa nyota tatu. Mwenye kerneli mpya na nyuzi nyingi ainunue asiogope, atapata kadi ya nyota tano. Mwenye mashine ndogo au mfumo wa zamani, ahesabu kwanza: foleni plas moja, mara matundu, mara kadi, plas vikadi pepe, na akiona anakaribia 200 apunguze foleni kabla hajachomeka ya pili. Mbili zangu bado zipo ndani, hodi 40, na leo asubuhi nimeirestati seva kwa apdeti, imewaka mara ya kwanza na vikadi pepe vyote 32 vipo.